Nilipokuwa Mlango wa Mama Solfa

Enzi zetu sisi watoto wa kambi, mwanaume akimwona mama mkwe wake anakuja njiani, alikuwa anaingia kwenye majani. Hata kama mvua inanyesha, hata kama suti yake ni mpya na anakwenda misa, anaingia tu. Anageuza uso, anangoja mama apite, kisha anatoka na mbegu za majani zimemshika suruali mpaka magotini. Hakuna aliyemcheka. Nikiwasimulia watoto wangu leo, wananiuliza: "Papa, alikuwa amefanya kosa gani?"

Kosa hakuna. Alikuwa amemwoa binti wa mtu, basi.

Kabla sijaendelea, mnijue. Mimi ni Ilunga wa samaki. Fika Lubumbashi, uliza Ilunga wa samaki, dereva wa taksi atakuleta mpaka kwangu na atakuheshimu njia nzima kwa sababu unanijua. Malori yangu yanashuka matupu kwa wavuvi wa Kasenga na kurudi yamejaa. Masomo yangu yaliishia mwaka wa tano wa msingi, na watu wenye vyeti vikubwa wanasimama ofisini kwangu wakishika kofia. Nilianza na beseni moja kichwani. Ninaandika hapa Kiswahili cha kitabu, kile tulichopewa kwenye katekisimu, lakini nikipata joto kitanitoka kile chetu cha Lubumbashi, mtanisamehe. Wengi wamejaribu kusema kwamba wao ndio walionitengeneza. Waongo wote. Mtu niliyempa ruhusa ya kusema hivyo ni mmoja, na yeye hajalisema neno hilo hata siku moja.

Wenzangu mliokulia Kampemba mtakumbuka. Kambi yetu ilikuwa na saa moja tu, nayo ni sirene ya kazi. Ililia asubuhi, baba zetu wakatoka. Ililia mchana, bukari, ugali wetu, ikaepuliwa. Wengi walikuwa wa reli, wachache wa mgodi, karibu wote walitoka kaskazini ya Katanga na rozari zao mfukoni, na Jumapili tulijaa kanisani mpaka wengine wanasikilizia misa dirishani. Mwezi wa sita baridi ilikata masikio, tukaenda masomo tumefungwa vikwembe, vile vitenge vya mama zetu, mabegani. Mwezi wa nane vumbi jekundu liliingia hata kwenye chumvi. Masuku, yale matunda ya porini, yakiiva tulikula mpaka meno yakakataa. Na mvua ya kwanza! Inswa, wale kumbikumbi, walitoka ardhini kama moshi, tukawakimbiza na mabeseni, mama akawakaanga bila mafuta kwa sababu wenyewe wana mafuta yao. Mwaka jana nilimletea mwanangu wa mwisho sahani nzima ya inswa. Akawatazama, akageuza sahani, akaniuliza tarehe ya kuisha imeandikwa wapi.

Wasichana walicheza kange, ule mchezo wa kuruka na kupiga makofi, mpaka kiwanja kikawa na shimo. Sisi tulitengeneza magari ya waya, magurudumu yake kandambili za zamani. Kuna watu wanasema hawajisifu. Mimi najisifu: hakuna gari la waya kambini lililopinda kona kama langu.

Sasa Mama Solfa. Jina lake ni Ngoie, mjane wa mtu wa reli, lakini sisi watoto tulimwita Mama Solfa kwa sababu ya do-re-mi iliyokuwa inatoka lupangoni, yaani uani kwake. Ndiye aliyekuwa mwimbaji mkubwa wa kundi la parokia, lile lililocheza michezo ya kuimba. Vijana wa leo hawajui kitu hicho. Ni hadithi nzima, mwanzo mpaka mwisho, na watu wanaimba badala ya kusema. Mama Solfa akigombana na muuza makala, yaani mkaa, jukwaani, anagombana kwa kuimba, na muuza makala anajibu kwa kuimba, na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Halafu anaimba kidogo tu, polepole, na wale wale waliocheka wanatafuta kitambaa cha kujifuta macho.

Katikati ya juma alifundisha. Watoto siku ya Jumanne na Alhamisi, wakubwa Jumamosi. Alikuwa na harmonium, kinanda cha zamani cha kukanyaga kwa miguu, funguo zake mbili zimekufa, na wimbo ukifika hapo yeye alijaza pengo kwa mdomo. Lakini kwanza hakutuacha tuimbe. Alitulaza chali kwenye mkeka, akachukua msalaba wa shaba, ule wa zamani ambao babu zetu walipeleka kama mahari walipooa, mzito kama tofali, akakuwekea tumboni.

"Pumua. Musalaba ipande, musalaba ishuke. Bega ikipanda, miye niko hapa na mwiko."

Ulilala hapo unatazama anga, shaba baridi juu ya kitovu, na ukimaliza pumzi haraka alikuuliza kama umekimbizwa na mbwa. "Sauti yako iko mu shingo sawa ya kuku. Shusha ku tumbo." Baada ya mkeka alitupeleka barabarani. Wewe unasimama mwisho wa avenue, yeye amekaa kwake anakaanga mikate, na lazima uimbe jina la mboga bila kupiga kelele, limfikie. Nilisimama kule nikaimba "lenga-lenga" kwa nguvu zangu zote. Nikarudi nimejaa sifa. Akageuza mkate kwenye mafuta, akasema: "Nilisikia lenga moja. Ile ingine ilibakia kwa nani?" Na upepo ukigeuka, ule moshi wa bomba kubwa la kiwanda ukaja kutuchoma koo, alipiga makofi: "Fungeni kinywa! Sasa bomba iko naimba yake."

Mama yangu mzazi hakupenda. Alikuwa mwanamke wa kazi, mikono yake haikukauka maji. Alisema: "Ilunga, baba yako alitoka Kabalo juu ya reli. Hakutoka juu ya do-re-mi." Lakini hakunikataza. Alinifulia shati jeupe kila Jumatatu jioni, na Jumanne lilikuwa linaningoja kwenye kamba.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kundi lilikuwa linatayarisha mchezo kwa sikukuu ya parokia. Hadithi yake ilikuwa ya kwetu kabisa: mtu wa reli anamwacha mke wake kituoni, anasema atarudi Jumamosi, anapotea miaka mingi, kisha anarudi mzee kuomba msamaha. Mwishoni mume na mke wanasimama uso kwa uso na kuimbiana. Mke ni Mama Solfa. Mume ni Banza, kijana wa reli mwenye sauti ya chini, ukiisikia unahisi treni inapita chini ya kiti chako. Mimi nilikuwa treni yenyewe. Nilikaa nyuma ya pazia nikapiga firimbi kwa mdomo, na fundi mmoja wa lokomotivi aliapa kwamba nilimtisha.

Sasa sikieni. Mama Solfa alikuwa na binti, Odila, mnyamavu, aliyekuwa analeta maji ya kunywa wakati wa mazoezi. Banza alikuwa na kiu kila dakika tano. Sisi watoto tuliona, wakubwa hawakuona. Siku moja wazee wa Banza wakaja na mahari, na kuku, na maneno yote ya desturi, wakapokelewa, wakala, wakacheza. Furaha kubwa. Hakuna mtu aliyefikiria mazoezi ya Jumanne.

Jumanne jioni, sisi watoto tumeshamaliza masomo yetu, Banza aliingia kwenye sala, ukumbi wa parokia, kwa mazoezi, akapiga hatua tatu, akamwona Mama Solfa amesimama kwenye harmonium. Akaruka dirisha. Naapa. Kijana mzima, mfanyakazi wa reli, aliruka dirisha na kuanguka kwenye maua ya mupe, padri wetu. Tukakimbia kutazama, tukamkuta amekaa ameegemea ukuta, anafuta udongo.

"Ya Banza, ginsi gani?" tukamuuliza, maana Ya ni kaka.

"Mama-mukwe iko mule ndani," akasema. "Miye nitaimba naye ginsi gani? Nimuangalie ku macho? Nimushike mukono?"

Mtauliza kwa nini hakutafutwa mume mwingine. Alitafutwa. Sauti za chini zilizobaki zilikuwa mbili: moja ya mtu aliyeimba kwa pua, nyingine ya mtu ambaye nusu ya juma yuko kwenye treni. Mke mwingine je? Mtu wa kwenda kumwambia Mama Solfa ashuke jukwaani hakupatikana.

Alipatikana mmoja tu. Papa Kabange, kaka yake mkubwa, aliyeendesha lokomotivi miaka yote, mzee wa mdomo mzito, mkuu wa familia. Alikuja lupangoni Alhamisi wakati tumelala kwenye mikeka. Alituruka mmoja mmoja kama mtu anayevuka reli, akasimama mbele ya dada yake.

"Ngoie. Mukwe na wimbo, moja itabakia."

"Yaya," akamwita kaka yake, "mutoto wangu ameolewa, miye siyakufa."

"Sisemi umekufa. Nasema hivi: ukipanda mbele ya bantu na kijana ule, na haya ikaanguka, utashuka na hautapanda tena. Na mikeka hii utaikunja. Familia ya Banza itasema mama-mukwe haina adabu, batamurudisha Odila hapa na sanduku yake. Unataka vile?"

Mama Solfa hakumjibu kaka yake vibaya. Alisema tu: "Nipe siku tatu."

Siku tatu zile harmonium haikulia. Mjue kwamba mwanamke huyu, mume wake alipokufa, wiki mbili baadaye alikuwa amerudi kutufundisha, nguo nyeusi mwilini na mwiko mkononi. Sasa alikaa uani anasugua sufuria ambazo zilikuwa zimeshang'aa. Tulikaa nje ya ua, hakuna aliyetufukuza, hakuna aliyetuita. Mimi niliogopa. Sikuwa na kitu kingine duniani nilichokifanya vizuri. Masomoni nilikuwa wa mwisho, mpirani niliwekwa golini. Lupango lile likifungwa, mimi ni nani?

Siku ya tatu Banza alileta gunia la makala, kazi ya mkwe mwema. Akasimama nje ya ua, mgongo ameugeuza, mama mkwe wake yuko hatua nne tu, anasikia hata anavyohema. Akaniambia mimi, kama desturi inavyotaka: "Ilunga, ambia mama makala imefika."

Nikageuka. "Mama, Ya Banza anasema makala imefika."

"Muambie aksanti. Aweke pale ku mulango. Muulize Odila anaendelea muzuri?"

Nikageuka. "Ya Banza, mama anasema aksanti, weka ku mulango. Tena anauliza Odila anaendelea muzuri?"

"Ambia mama, anaendelea muzuri. Anamusalimia."

Nikageuka tena, nikafungua mdomo. Lakini Mama Solfa alikuwa ameacha sufuria. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye viwiko vyake.

"Rudia," akasema. "Rudia yote. Lakini imba."

Njo vile ilizaliwa. Mchana ule ule alibadilisha mwisho wa mchezo. Mume anarudi, mke hataki kumtazama, na mtoto waliyezaa anasimama katikati. Mume anamwimbia mtoto. Mtoto anageuka, anamwimbia mama maneno ya baba. Mama anamwimbia mtoto, mtoto anageuka tena. Waliniweka juu ya sanduku la chupa lililofunikwa kitambaa, ili kichwa changu kifike sawa na vichwa vyao, na kila mmoja akitazama mbele anaona uso wangu tu. Papa Kabange aliletwa kuona. Alizunguka lile sanduku, akafunga jicho moja, akapima upande wa kulia, akapima upande wa kushoto, kama anayekagua njia ya treni. Akasema: "Mutoto asitoke pale." Akaondoka.

Mama Solfa alinishika mabega. "Ulisikia yaya? Weye iko mulango. Bantu banapita mule ndani, banaenda, banarudia. Mulango haitembeye."

Nikasema nimesikia. Nilikuwa tayari nimeacha kuwa treni, nimekuwa mtu, tena mtu wa katikati. Juma lile nilitembea kambini kifua mbele mpaka mbwa walinipisha.

Sikukuu ikafika, Jumapili, baada ya misa ya pili. Sala ilijaa, madirisha yakajaa, watoto wakapanda kwenye ukuta. Jua liliingia upande na kupiga moja kwa moja jukwaani. Papa Kabange alikaa mstari wa kwanza, suti ya kijivu, fimbo katikati ya magoti. Nyuma yake wazee wa Banza, wote wanne, mikono imekunjwa.

Mchezo ulikwenda kama maji. Tulipofika mwisho nilipanda kwenye sanduku langu. Banza akaanza upande wa kushoto, macho yake kwenye paji langu: "Mwanangu, mwambie mama yako treni ilinichelewesha." Nikageuka, nikaimba. Mama Solfa upande wa kulia: "Mwanangu, muulize baba yako Jumamosi ngapi zimepita." Nikageuka, nikaimba. Na sauti ilitoka tumboni, wenzangu! Ilitoka pale msalaba ulipokuwa unakaa. Niliisikia inafika ukuta wa nyuma na kurudi kwangu. Watu walianza kulia. Wanawake walianza vigelegele, wengine wakaja mbele kama tunavyofanya kwetu mtu akiimba vizuri, wanapunga vitambaa, wanataka kumfuta mwimbaji jasho.

Na katikati yao nikamwona mama yangu. Yule aliyesema habari ya reli na do-re-mi. Alikuwa amevua kikwembe cha juu, kile kizuri, cha sikukuu peke yake, akakitandaza kwenye mbao mbele ya jukwaa ili mwanawe akikanyage. Alinitazama, machozi yanashuka, mikono imefunguka.

Mama yako akutandikie kikwembe chake mbele ya parokia nzima. Nani angebaki kwenye sanduku? Nilishuka. Hatua mbili. Nikasimama kwenye kikwembe, nikainua mikono kama mfalme.

Ndipo vigelegele vikakatika, vyote kwa mara moja.

Nikageuza kichwa. Sanduku lilikuwa tupu, na juu ya sanduku hapakuwa na kitu isipokuwa jua, na Banza na Mama Solfa walikuwa wanatazamana. Macho kwa macho. Mkwe na mama mkwe, mbele ya wazee wanne na mbele ya mupe. Papa Kabange alisimama. Nilisikia fimbo yake inagonga sakafu.

Mama Solfa alikuwa katikati ya noti ndefu. Hakuikata. Mkono wake ulipanda polepole, akakishika kitambaa chake cha kichwa, akakiteremsha usoni mpaka kidevuni, na sauti ikaendelea kutoka chini ya kitambaa, ile ile, haikupanda wala haikushuka. Banza alianguka kifudifudi kwenye mbao kama mtu aliyepigwa. Na noti bado inakwenda. Niliangalia tumbo lake chini ya kikwembe: lilikuwa linashuka kidogo kidogo, kama msalaba wa shaba uko pale juu. Nilielewa. Alikuwa ananingoja. Alikuwa anashikilia pumzi moja mpaka mlango urudi.

Nilibaki nimesimama pale pale juu ya kikwembe. Mama yangu ndiye aliyeinama, akakivuta kikwembe chini ya miguu yangu kwa nguvu. "Rudia ku nafasi yako, mwana! Rudia!"

Nikapanda kwenye sanduku. Noti ikaisha pale pale, haikubaki hata nusu. Nikamgeukia Banza, na kwa sababu alikuwa amelala, niliimba nikitazama chini, na yeye akajibu akiwa amelala vile vile, mdomo kwenye mbao, ile sauti yake ya treni inatoka sakafuni. Mume anayeomba msamaha amelala kifudifudi. Mke aliyeumia amefunika uso. Mtoto katikati analia kweli. Wageni waliotoka mjini walidhani tulipanga hivyo, walipiga makofi mpaka mikono ikauma. Sisi wa kambi tulikuwa tunamwangalia Papa Kabange.

Alibaki amesimama mpaka neno la mwisho. Kisha akapanda jukwaani, polepole, akasimama kando ya dada yake ambaye bado alikuwa amefunikwa.

"Ngoie."

"Yaya."

"Nilisema haya ikianguka, utashuka."

"Eyo, yaya."

"Niliangalia muzuri. Haikuanguka. Uliidaka." Akawageukia wazee wa Banza. "Kuku moja mweupe na kikwembe kimoja, kijana atatoa. Bamechunguliana, bataosha kosa. Iko neno ingine?"

Wazee wanne walitazamana. Mkubwa wao akajikohoza, akasema: "Neno iko moja. Mutacheza tena siku gani?"

Watu walilipuka. Mimi nilijificha nyuma ya harmonium.

Kuku yule nilimpeleka mimi, Papa Kabange ndiye aliyeamuru. Kutoka kwa Banza mpaka kwa Mama Solfa, njia nzima ya kambi, kuku mweupe chini ya kwapa na watoto nyuma yangu wanaimba "mulango inatembea, mulango inatembea." Nilimkuta amekaa mlangoni. Nilingoja mwiko. Alipokea kuku, akampapasa mgongo.

"Mulango ilienda wapi?" akauliza.

"Mama... mama yangu alitandika kikwembe."

Alimweka kuku chini. Kisha akasema: "Angetandika kwangu, hata miye ningeshuka." Akaonyesha mkeka. "Lala. Pumzi yako ingali fupi."

Sauti yangu ilivunjika mwaka uliofuata, ikawa hii ya kwaruza mnayoisikia sokoni. Masomo nayo yakaniacha. Lakini nilipofika Kasenga na beseni langu, nikakuta wavuvi na wanunuzi wa mjini wanatukanana kwenye mtumbwi, hakuna anayetaka kumtazama mwenzake, nilijua la kufanya. Nilisimama katikati. Nikapeleka neno la huyu kwa yule, zima, bila kulipunguza na bila kulitia la kwangu. Mpaka leo ndiyo kazi yangu. Nilijitengeneza mwenyewe, sibadilishi neno, lakini udongo nilichotewa kwenye lupango lile.

Mama Solfa aliimba jukwaani miaka mingi baada ya hapo, na alifundisha mpaka juzi. Sasa anakaa mtaa wa Hewa Bora kwa Banza na Odila, chumba chake kina mlango wake, Banza alikijenga hivyo makusudi. Macho yake yamefunikwa na wingu, hatofautishi mtu na nguzo. Mwezi uliopita mjukuu wao alipata komunyo ya kwanza, nikaalikwa na familia yangu. Binti yangu alikuja na mchumba wake. Kijana mzuri, simkatai. Alimkumbatia mke wangu, mama mkwe wake wa kesho, akambusu mashavu yote mawili, akamwita kwa jina lake la ubatizo, wakapiga picha shavu kwa shavu wametoa ulimi. Mke wangu alifurahi, nami nilicheka. Lakini tumbo langu lilikuwa linatafuta majani ya kuingia. Binti huyo huyo anajifunza kuimba na simu. Inamwambia umekosea, inamwambia hongera. Nilimuuliza inakuwekea nini tumboni, akasema mimi ni wa zamani.

Tulipokwisha kula, Mama Solfa aliketishwa chini ya veranda. Banza, mvi kichwa kizima, aliketi nje ya ukuta mdogo, mgongo kwa mama mkwe wake, sahani yake magotini, kama alivyofanya miaka yote hii. Vijana wakaanza kumtania babu yao.

"Kambo, ingia basi! Mama haone tena. Haiwezi kujua kama uko unamuangalia."

Banza alimeza kwanza. "Yeye haone," akasema. "Miye niko naona."

Wakacheka. Sisi wa umri wangu hatukucheka. Enzi zetu tulikuwa na vitu vichache, lakini mtu alijua mahali pa kusimama, na akikuheshimu ulimwona mgongo wake ukajua. Leo wote tunatazamana usoni mchana kutwa kwenye vioo vidogo, na mtu akikupenda sijui utajua vipi.

Na hapo Mama Solfa akaanza. Bila harmonium, bila kuombwa. Sauti imekuwa nyembamba kama uzi, lakini ilitoka tumboni. "Mwanangu, muulize baba yako Jumamosi ngapi zimepita." Nje ya ukuta Banza aliweka sahani chini. Hakugeuka. Mama akainua kichwa, akageuza uso huku na huku kama anayetafuta upepo.

"Mulango iko wapi?" akauliza.

Simu yangu ilikuwa inalia mfukoni, Kasenga, lori limekwama. Niliiacha ilie. Nikasimama na kitambi changu na suti yangu, nikaenda mpaka pale ukuta mdogo unapoishia, katikati yake na Banza, nikavuta pumzi bila kuinua bega.

Binti yangu alikuwa amenyanyua simu yake atupige picha. "Papa," akaita, "songa mbele kidogo, hauonekane muzuri."

Sikusonga.